Kombe Chungu la Mwanawetu

Sahani yenyewe ilikuwa nyeupe, ya kauri, yenye ufa mwembamba ukingoni kama unywele uliosahauliwa. Baba yake Mwanawetu alikuja nayo Kampala kutoka Pangani, ndani ya sanduku la nguo. Alipokufa, kaka zake Mwanawetu waligombania nyumba. Yeye alitaka sahani na kalamu ya mwanzi tu, akapewa kwa kicheko, maana nani angekwenda kwa mwanamke kuandikiwa kombe?

Walikwenda. Nyuma ya soko la Nakivubo, katika chumba chenye mlango wa buluu, akina mama walimletea watoto wenye homa, naye akawaandikia aya kwa wino wa zafarani juu ya ile sahani, mstari kwa mstari, mpaka kauri yote ikapotea. Kisha alimwagia maji na tone la marashi, maneno yakayeyuka, mtoto akanywa. Hilo ndilo kombe. Kabla ya kuandika aliuliza jina la mtoto na la mama yake. Aliuliza mtoto amelalaje, amekula nini, nani amemtisha. Aliweka kiganja juu ya paji la uso wa mgonjwa na kukiacha hapo, kana kwamba siku nzima haina kazi nyingine.

Watu wakadhani ni mpole, lakini hakuwa hivyo hata kidogo. Alikuwa mwanamke wa hasira. Aliwakasirikia wanaume waliopotea mtoto alipougua na wakarudi alipopona. Aliikasirikia redio iliyotangaza mambo mazuri kila asubuhi, na sabuni haipatikani. Aliukasirikia mwaka ule walipofukuzwa Wahindi, duka la Nakivubo alikonunua zafarani likapewa mtu aliyeuza alichokikuta mezani, akafunga. Tangu hapo aliandika kwa manjano ya mchuzi. Alimwomba Mungu radhi kila alipochovya kalamu.

Lakini kilichomkasirisha zaidi ya yote kilikuwa vidonge.

Akina mama walikuja navyo kutoka zahanati, vimefungwa kwenye pindo la kanga. Klorokwini, dawa ya malaria. Mtoto akimeza, mwili ulimwasha usiku kucha, akajikuna hadi damu, kwa hiyo mama akavificha na kuja kwa Mwanawetu. Wengine waliviacha pale pale mkekani kama maganda ya karanga. Siku moja Mwanawetu aliviokota vyote, akavitia kwenye kikopo cha maziwa, akaenda navyo hadi zahanati na kukibwaga kikopo mbele ya muuguzi.

"Sista, hivi ni vyako. Njoo uvifagie mwenyewe."

Muuguzi yule aliitwa Rosalba, mwanamke mrefu wa kaskazini, mke wa polisi aitwaye Okullo. Alitazama ndani ya kikopo, kisha akamtazama mwenye kikopo.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Wewe ndiye unanyweshea watoto wino. Unajua watoto ngapi nimefunika shuka sababu yako?"

"Sababu yangu? Mimi nimemfukuza nani? Mama akiingia hapa unamwita nani? Unamwita 'wewe'. Unamwita 'fungua mdomo yake haraka'. Mtoto umemuuliza jina?"

"Niko na foleni inafika barabarani! Jina nitauliza saa gani?"

"Basi usishangae wakija kwangu."

"Jina haiui malaria, mama!"

"Na kidonge kilichofungwa kangani kinaua malaria?"

Foleni nzima iligeuka kuwasikiliza. Mzee mmoja akasema, "Haya, pigeni basi, sisi tupone kwa kucheka." Rosalba ndiye aliyecheka kwanza, kwa kujizuia, akiwa ameziba mdomo. Mwanawetu hakucheka. Lakini aliketi, na alipoondoka walikuwa wamekubaliana jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Rosalba angempa Mwanawetu vidonge vya watoto aliowapima, na Mwanawetu angevisaga na kuvitia ndani ya kombe. Mtoto angekunywa maneno na dawa kwa mkupuo mmoja. Akijikuna, mama angeambiwa kuwa ugonjwa unatoka kwa njia ya ngozi.

"Lakini usiwaambie," Rosalba alisema. "Wakijua watatema. Na mimi wakijua wakubwa nimetoa dawa ya serikali nje ya zahanati, wataita hujuma. Na unajua bwana wangu anatoka wapi."

Mwanawetu alijua. Wenzake Okullo, watu wa kwao kaskazini, walikuwa wakiitwa mmoja mmoja kwenda kujibu swali dogo, na viatu vyao havikuonekana tena mlangoni.

Hakupenda kuficha. Maneno ya Mungu, alisema, hayana haja ya kujificha nyuma ya chokaa ya vidonge. Lakini watoto walipona. Walirudi wakikimbia, wakichungulia mlango wa buluu na kutoroka wakicheka. Na kombe likapata sifa mpya: lilikuwa chungu. Makombe ya masheikh wengine yalikuwa matamu kwa marashi, la Mwanawetu lilikunja uso. Uchungu ule ukawa ndio ushahidi. "Nenda kwa mama wa kombe chungu," watu waliambiana sokoni, na hata kutoka Nakawa walikuja.

Kisha dawa zikaisha.

Hakuna aliyetangaza. Rosalba alikuja siku moja na mikono mitupu. Wiki iliyofuata alikuja hivyo hivyo. Madaktari waliokuwa na pasipoti walikuwa wameondoka, na waliobaki waliandika dawa ambazo hakuna duka lililokuwa nazo. "Tumeambiwa hakuna," Rosalba alisema. "Tunapima, tunasema pole, tunasema hakuna." Mwanawetu akarudi kwenye manjano na maji. Marashi nayo yalikuwa yamekwisha. Kila mama aliyekuja alimwambia, "Anza hospitali." Walimtazama kama mtu aliyefungua mlango na kuusukuma tena usoni mwao.

Nusura alikuja Jumatatu asubuhi. Aliuza samaki wakavu sokoni, hatua chache kutoka mlango wa buluu, na kanga zake zilinuka ziwa hata siku ya sikukuu. Mgongoni alikuwa amembeba mwanawe, Hamdun, mtoto mcheshi ambaye mwaka uliopita alikunywa kombe chungu, akapona, na tangu hapo akawa anamwita Mwanawetu "Jjajja", yaani bibi, kwa sauti ya kudai haki.

"Nyabo, amerudi kuchemka," Nusura alisema. "Mwandikie ile yake."

Mwanawetu alimshika paji la uso, akaondoa mkono haraka. "Mpeleke hospitali. Sasa hivi."

"Banange! Wewe ulimponya. Kwa nini unanituma kwa wale wanaotukana?"

"Nusura, nenda."

"Niandikie kwanza. Nikishamnywesha nitakwenda."

Mwanawetu aliandika. Hamdun alikunywa, akalamba midomo, akasema kwa sauti ndogo, "Tamu." Ndipo Nusura alipompeleka hospitali. Huko walimwambia kwinini hakuna, dripu hakuna, rudi kesho uangalie. Alirudi Nakivubo na mwanawe mgongoni. Mahali fulani njiani, kati ya watu na mikokoteni na makelele, kichwa cha mtoto kililala begani mwake kwa uzito mwingine.

Baada ya mazishi Nusura alikwenda kwenye mlango wa buluu. Hakuingia.

"Safari hii halikuwa chungu," alisema. "Kwa nini halikuwa chungu?"

Mwanawetu alifungua mdomo. Jibu lilikuwapo, fupi, na ndani yake mlikuwa na jina la Rosalba. Akaufunga mdomo. Nusura alisubiri kidogo, kisha akaenda zake.

Kuna hasira inayotoka kwa kelele, na kuna inayokaa kifuani kama kaa la moto kwenye jivu. Mwanawetu alikaa na ya pili. Alimkasirikia Rosalba kwa siri yake, akajikasirikia kwa kuikubali. Aliikasirikia nchi iliyokuwa na mizinga ya gwaride na haikuwa na chupa moja ya kwinini kwa ajili ya mtoto aliyesema "tamu". Alifunga mlango wa buluu. Walioupiga aliwajibu kutoka ndani kwamba sahani imevunjika. Haikuwa imevunjika.

Siku ya tatu ya kufunga mlango, ulipigwa kwa kitu kilichokuwa kigumu kuliko ngumi.

"Wewe ndiye mama ya kombe chungu?" Aliyeuliza alivaa sare ya jeshi, mtu mnene mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Nyuma yake gari lilikuwa likinguruma. Wenye vibanda walikuwa wameangalia upande mwingine wote kwa pamoja.

"Ni mimi, Afande."

"Chukua vyombo yako. Panda."

Alikuwa Kapteni Uthman. Alikaa Makindye, katika nyumba ambayo kuta zake zilikuwa na mistatili iliyopauka pale picha za familia nyingine zilipotundikwa zamani. Binti yake, Naila, alilala juu ya kochi, mkewe akimpepea kwa gazeti. Macho ya mtoto yalikuwa yamegeuka juu, vidole vimejikunja. Mwanawetu aliweka kiganja chake juu ya paji lile na kulijua mara moja lile joto. Lilikuwa la Hamdun.

"Andika," Kapteni alisema.

"Afande, huyu ni wa hospitali."

"Hospitali!" Alicheka, lakini uso wake haukucheka. "Mtoto yangu ya kwanza ilikufa hospitali. Walidunga, walidunga, hakuna mtu aliniambia kitu. Halafu wakaleta karatasi niweke sahihi. Huyu hatakwenda kule. Kombe yako wanasema ni kali kushinda zote. Unaweka nini ndani?"

Askari aliyesimama mlangoni alibadilisha mguu. Mwanawetu aliona swali la pili likiwa limesimama nyuma ya la kwanza: Na ulipata wapi?

"Naweka maneno," alisema.

"Maneno si chungu."

"Inategemea anayeyasikia, Afande."

Mke wa Kapteni aliacha kupepea.

Angeweza kuandika. Angeandika kwa manjano, mtoto angelainishwa midomo, na kabla ya jua kutua angekufa kwa utulivu mbele ya sahani ya baba yake Mwanawetu. Angeweza pia kusema kweli, na jioni ile ile gari lile lingesimama mlangoni kwa Okullo. Mwanawetu alitazama njia zote mbili. Kaa lililokuwa ndani ya jivu tangu mazishi likapata upepo. Alichukua sahani, akaifunga tena kwenye kitambaa chake, akakaza fundo.

"Siandiki."

"Nini?"

"Siandiki hapa. Kombe la mtoto aliyefikia hali hii linaandikwa hospitali. Mkono mmoja una sindano ya kwinini, mkono mwingine nimeushika mimi. Kimoja kikikosekana, kingine hakifanyi kazi. Ndivyo lilivyo, sikulitunga mimi leo. Ukitaka kunipiga risasi nipige, halafu umtafute mwingine."

"Unaniamuru? Mimi?"

"Anayekuamuru ni yule," Mwanawetu alisema, akimwonyesha Naila. "Mwangalie anavyokuamuru."

Kapteni aliangalia. Mkewe hakusubiri aseme. Alimwinua mtoto na kuelekea garini bila viatu, na mumewe akamfuata kama mtu aliyeitwa.

Hospitali ilikuwa ile ile aliyokwenda Nusura. Daktari wa zamu aliitwa Owuor, kijana mwembamba aliyeonekana amelala na koti lake. Alimtazama mtoto mara moja, akaanza kutoa amri, kisha akasita.

"Kwinini hatuna, Afande. Samahani. Ni wiki nyingi sasa hatuna."

Mtunza stoo alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake. Alitazama nyota begani mwa Kapteni, akatazama bastola, akakohoa.

"Labda niangalie tena," alisema.

Kulikuwa na kabati la chuma la kijani chini ya ngazi. Alilifungua kwa ufunguo aliouvaa shingoni, ndani ya shati, pale watu wengine wanapovaa hirizi. Mwanawetu alikuwa amemfuata, kwa hiyo aliona. Chupa za kwinini zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, safi, zimesimama wima kama askari wa gwaride. Maboksi ya dripu. Makopo ya klorokwini ambayo hayajafunguliwa hata kifuniko.

"Hizi zilikuwa hapa Jumatatu?" Mwanawetu aliuliza.

Mtunza stoo alianza kuhesabu chupa.

"Nakuuliza wewe. Jumatatu. Mama wa samaki, mtoto mgongoni. Zilikuwa hapa?"

"Mama, tafadhali..."

"Nilikuomba mwenyewe," Daktari Owuor alisema nyuma yao. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nilisimama pale nikakuomba kwa ajili ya mtoto yule."

"Ni za wakubwa, daktari. Nilipewa amri. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Daktari alinyakua alichohitaji na kukimbia. Mwanawetu alibaki nukta moja mbele ya kabati. Miaka yote alikuwa akidhani kwamba upande mmoja kuna kombe na upande mwingine kuna sindano, na kwamba yeye na akina Rosalba wanavutana juu ya kichwa cha mtoto mmoja. Kumbe wote wawili walikuwa upande mmoja wa mlango huu. Kombe lilikuwa na mikono lakini halikuwa na dawa, na hospitali ilikuwa na dawa lakini ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa mtu huyu.

Naila alipozinduka kidogo alipigana na sindano. Alirusha mikono, akapiga ukelele, mshipa ukapotea. Mwanawetu alikaa kitandani, akaushika mkono wa pili, akaanza kumsomea karibu na sikio, kwa sauti ile ile ya mlango wa buluu, akitaja jina lake na la mama yake. Mtoto alilegea. Sindano ikaingia.

"Usinyamaze, mama," daktari alisema bila kuinua kichwa. "Endelea kusoma."

Aliendelea. Kapteni alipokumbusha kombe, Mwanawetu aliliandika pale pale juu ya meza ya chuma. Alitaka kumnywesha, daktari akamzuia: "Asinywe sasa, atapaliwa." Mwanawetu hakubisha. Alichovya kitambaa na kumpaka mtoto usoni na nyayoni. Matone ya manjano yalidondoka juu ya shuka la serikali, na hakuna muuguzi aliyemkaripia.

Asubuhi Naila aliomba chai. Kapteni aliyekuwa ameketi sakafuni alisimama, akafuta macho kwa mkono wa sare, akatangaza ndani ya wodi nzima: "Mmeona? Kombe! Macho yangu imeona!"

Mwanawetu alimtazama mtu yule mwenye furaha na akatamani kumpigia kelele. Kabati, mpumbavu wee. Ni kabati. Lakini alikuwa amekwisha kufikiri alipokuwa akisoma, na alisema jambo jingine.

"Afande, kombe hili lina sharti lake. Sasa nitaliandika hapa hospitali, barazani, kwa kila mtoto. Na kabati lile la kijani lisifungwe ninapoandika. Likifungwa, baraka inakatika hata kwa aliyekwisha kupona."

"Hata kwa Naila?"

"Hata kwake."

Kapteni alimgeukia mtunza stoo. Alinyoosha mkono tu. Yule mtu alivua ufunguo shingoni. Kapteni aliutazama, akamtazama na daktari, akampa.

Jioni Rosalba alimkuta Mwanawetu nyumbani, akaingia bila kubisha. "Umetaja jina yangu?"

"Sikukutaja. Lakini siri imekwisha, Sista. Kuanzia leo sahani ni sahani na kijiko ni kijiko. Mama ataona mtoto anakunywa nini."

"Watatema."

"Watatema, tutawapa tena. Na wewe utawauliza majina. Sitaki kusikia habari ya foleni."

Rosalba alikaa mkekani, akavua viatu vyake vyeupe, akalia kidogo, kisha akavivaa tena na kwenda nyumbani kupika.

Ilibaki kwa Nusura. Mwanawetu alimfuata sokoni, akasimama mbele ya samaki wake, akamwambia yote isipokuwa jina la muuguzi. Alimwambia uchungu ulikuwa wa nini. Alimwambia kombe la mwisho lilikuwa na nini. Alimwambia habari ya kabati la kijani na ufunguo.

Nusura aliendelea kufukuza nzi kwa jani la mgomba.

"Kwa hiyo mwanangu alikunywa manjano," alisema.

"Manjano na maneno."

"Na dawa ilikuwa chini ya ngazi."

"Ilikuwa."

"Nilikaa kwenye ngazi ile, nyabo. Nilipochoka niliketi pale, nikamnyonyesha maji kwa kitambaa." Jani lilisimama hewani. "Ondoka mbele yangu. Sitakusamehe. Hata ukisoma mpaka kesho."

"Sikuja kuomba msamaha. Nimekuja kukuambia kabati lilipo. Kesho litakuwa wazi, nami nitaandika barazani."

Kesho yake Mwanawetu alitandika mkeka barazani mwa hospitali. Foleni ilikuwa imefika nje. Alikuwa bado anasaga manjano Nusura alipotokea, kanga zake zikinuka ziwa, akaketi upande wa pili wa mkeka, akamgeuzia bega. Hakumsalimu. Mtoto wa kwanza alipoletwa, Mwanawetu aliuliza jina lake na la mama yake, akaandika, akaosha sahani, akamnywesha. Kisha Daktari Owuor akatoka na kijiko, ndani yake klorokwini iliyosagwa kwa maji.

"Lete kwanza," Nusura alisema.

Alichovya ncha ya kidole kijikoni, akaiweka ulimini. Uso wake wote ulikunjamana.

"Chungu," alisema. "Mpe."

Aliketi pale hadi msimu wa mvua ukaisha, na misimu mingine baada ya huo. Hakumwambia Mwanawetu neno jingine lolote. Hakuna kijiko kilichompita bila kuonjwa.